Telekonveta 1.4x au 2x kwa lenzi ya 100-400, ipi itanifaa Mabamba na Murchison?

mvuvi_wa_picha (Entebbe)

Wadau habari za leo. Nina kamera ya Canon 7D Mark II na lenzi ya milimita 100-400 toleo la pili, ile ya kuzungusha sio ile ya kusukuma na kuvuta, na kwa sasa hivyo ndivyo vyombo vyangu vyote. Kazi yangu ni kupeleka watalii kwenye kinamasi cha Mabamba kumtafuta bulwe, yule korongo nyangumi, na mara mojamoja kundi likiwa kubwa naitwa hifadhi ya Murchison kusaidia. Wageni wakisharudi kwao wananiomba picha, na kuna mwenye lodge mmoja anataka za kutundika ukutani, kubwa kubwa.

Shida yangu ni umbali. Pale Mabamba mtumbwi unafika mahali mafunjo yameziba mkondo, huendi tena, na ndege kasimama zake kule ng'ambo. Kwa 400 anatoka kadogo katikati ya majani, nikikropu, yaani nikiikata picha kwenye kompyuta, namwona vizuri kidogo lakini manyoya yameshavurugika na ile michirizi ya kwenye mdomo haionekani tena.

Sasa kuna mtu anauza telekonveta, kile kipande cha kukuza kinachokaa kati ya lenzi na kamera, ya 2x ya Canon, mtumba, toleo la tatu, anataka laki nane na nusu na anasema hapunguzi hata shilingi. Hesabu yangu 400 inakuwa 800, na kwa kuwa bodi yangu ya kamera ina sensa ndogo, ile tunayoita kropu ya 1.6, ni kama nimeshika 1280, si mchezo. Ila mwenzangu kazini anasema chukua 1.4x, mwingine anasema achana na zote kropu kwa kompyuta yaishe. Mwenye uzoefu wa hivi vitu na lenzi ya zumu anisaidie kabla sijatuma hela maana jamaa ananipigia simu asubuhi na jioni.

afande_lenzi (Kasese)

Usitume ssebo.

Kifaa chenyewe ni kizuri, 2x ya toleo la tatu haina ubaya, ila inataka lenzi iliyofunguka, yaani yenye namba ndogo ya f, tundu kubwa la mwanga. Ukiiweka kwenye 70-200 ya f/2.8 unapata 400 ya f/5.6 na maisha yanaendelea. Yako ikifika 400 inafunguka f/5.6 basi, hapo 1.4x inakula stopu moja, yaani nusu ya mwanga, unabaki na f/8, 2x inakula mbili unabaki na f/11. Na hiyo 7D Mark II mwisho wake wa kushika fokasi ni f/8, tena kwa nukta ya fokasi ya katikati tu, zile nyingine zote kati ya 65 unazisahau. Kwa f/11 otofokasi ya kwenye vyufainda, kile kidirisha cha kuchungulia, inazima kabisa. Utakuwa unazungusha ringi kwa mkono, mtumbwi unayumba, na mgeni huku anakuuliza yuko wapi yuko wapi.

Kama lazima ununue, 1.4x. Unapata 560 ya f/8, ukizidisha na hiyo 1.6 yako ni karibu 900, na kwa bulwe ambaye anaweza kusimama nusu saa bila kugeuza shingo inatosha sana. Lakini ujue hata hiyo inapunguza mwendo wa fokasi. Canon wenyewe walishaandika kwamba ukiweka 1.4x kasi ya mota ya fokasi inashushwa kwa asilimia 50 na ukiweka 2x kwa asilimia 75, wamefanya makusudi ili isipitilize shabaha. Kwa hiyo ukiona lenzi imekuwa mzito usiipeleke kwa fundi.

Huyo anayekupigia asubuhi na jioni anajua anachouza. Au hajui, basi mwambie.

nyabo_wa_buliisa

Afande kamaliza upande wa namba, mimi niongee upande wa maji maana ndiko nashinda. Natumia 1.4x toleo la tatu na 100-400 hiyohiyo yako ila juu ya bodi ya Canon 80D, na muda mwingi niko kule delta, Nile inapoingia Ziwa Albert. 80D kwa hiyo lenzi na telekonveta vikiunganishwa inakuachia nukta 27 kwa f/8, kwa hiyo nina nafasi kidogo kukushinda, lakini nakwambia ukweli kwa bulwe natumia nukta moja tu, namwekea jichoni, kwa sababu mbele yake kuna majani na kamera ikiachiwa ichague yenyewe inachagua majani. Kila mara. Kwa hiyo hiyo ya kufungwa katikati usiiogope sana, unashika fokasi kwanza halafu unasogeza fremu, ndege hayupo na haraka.

Kinachoua picha kwenye maji ni mtikisiko. Mashine ya boti hata ikiwa inanguruma polepole mbao zote zinatetemeka, na ukiegemeza kiwiko kwenye ukingo ule mtetemo unapanda mkononi mpaka kwenye lenzi, na kwa 560 unauona wazi. Mwambie nahodha azime, subiri boti itulie, kaa chini kwenye sakafu magoti yamekunjwa uweke viwiko juu ya magoti. IS, ile ya kutuliza mtikisiko ndani ya lenzi, acha imewashwa, inafanya kazi vizuri tu na telekonveta. Halafu piga mfululizo, tano sita kwa pamoja, moja itatoka safi. Kwa bulwe aliyesimama nashuka mpaka shata ya 1/320 ya sekunde bila wasiwasi, watu wa vitabu watakwambia kwa 560 kwenye kropu usishuke chini ya 1/900 na hawakosei, ila wao hawajamwona huyu ndege anavyosimama.

Kitu kingine hakuna anayekisema, kuna kiswichi ubavuni mwa hiyo lenzi, kimoja kimeandikwa full na kingine mita 3 hadi mwisho. Kiweke kwenye mita 3. Ukiwa na telekonveta lenzi ikikosa shabaha inaanza safari kutoka mwanzo mpaka mwisho na kurudi, na kwa ule mwendo wa nusu ni mwaka mzima, ndege ameshameza kamongo wake na kapiga maji.

Na saa. Mimi kwangu telekonveta inafanya kazi kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tatu, tatu na nusu, na jioni kuanzia saa kumi na moja. Hapo kati naiweka mfukoni. Jua likishakuwa kali hewa ya juu ya maji inacheza na hakuna kifaa kitakachokusaidia, unakuza joto tu.

kropu_tu (Kampala)

Naona watu wanampeleka ndugu yetu dukani wakati jibu liko kwenye kompyuta yake.

Hebu tulia tufanye hesabu moja. Lenzi yake kwa 400 f/5.6 ina tundu la kama milimita 71, gawanya 400 kwa 5.6 uone. Akiweka 1.4x anakuwa 560 kwa f/8, gawanya, 70. Tundu ni lilelile! Mwanga unaotoka kwa ndege na kuingia kwenye lenzi ni uleule, umetandazwa tu kwenye eneo kubwa la sensa. Kwa hiyo akipiga bila telekonveta kwa ISO 800 (wepesi wa sensa kwa mwanga) akakropu, au akaweka telekonveta akapandisha ISO 1600 kwa shata ileile, chembechembe ukiziangalia kwa ukubwa uleule wa ndege zinakaribiana sana. Mnamwambia anapata kitu, anachopata ni uzito, fokasi ya kinyonga, na laki kadhaa kuondoka mfukoni. Na bodi yake ya megapikseli 20 za kropu, pikseli zake ni ndogo tayari, lenzi yenyewe ndiyo inaanza kuishiwa.

afande_lenzi (Kasese)

@kropu_tu hesabu ya tundu uko sahihi na nafurahi umeileta maana watu wengi husema telekonveta inapoteza mwanga kana kwamba unamwagika chini. Kelele, hizo chembechembe, zinakaribiana, nakubali. Lakini umeruka jambo moja, pikseli. 560 kwa 400 ni 1.4, zidisha 1.4 kwa 1.4 ni karibu 2, maana yake ndege yuleyule anakaliwa na pikseli mara mbili. Akikropu kutoka 20 kufikia fremu ileile anabaki na 10. Kama lenzi ina uwezo wa kuonyesha zile mistari ya manyoya, pikseli mara mbili zinaiona na zile 10 haziioni, na hiyo 100-400 ya pili ni katika zumu chache sana zinazobeba 1.4x bila kulalamika. Zumu za bei ya chini ndiyo hapo hoja yako inashinda, pale lenzi imeshachoka kabla ya sensa, ukiongeza kioo unakuza uchovu.

Tena bwana kukiwa na telekonveta unamwona mnyama mkubwa kwenye vyufainda na nukta ya fokasi inamkalia jicho badala ya kumkalia kichwa kizima na tawi la nyuma. Kompyuta haikupi hiyo.

kropu_tu (Kampala)

Hapo kwenye nukta na jicho sina ubishi. Pengine nasema hivi kwa sababu mimi wateja wangu wote ni wa Instagram, picha ya upana wa pikseli 1080 hata ya 400 iliyokropiwa nusu inabaki na akiba. Mwulizeni kwanza hizo picha ni za kwenda wapi.

mvuvi_wa_picha (Entebbe)

Banange nimesoma mpaka kichwa kimepata moto. Asanteni sana. Za wageni nyingi ni za WhatsApp na Instagram kweli, ila huyu wa lodge anataka A2, anasema za mapokezi na za kwenye vyumba. Kwa A2 kropu inatosha au haitoshi? Na dada wa Buliisa, bulwe akiruka je? Maana wageni wanachotaka zaidi ni akiruka.

nyabo_wa_buliisa

A2 upande mrefu ni sentimita 59.4. Picha yako nzima ni pikseli 5472 kwa upana, ukiichapa A2 unapata kama pikseli 234 kwa inchi, safi kabisa hata mtu akisogeza pua. Ukikropu kiasi cha 1.4 unabaki na kama 3900, hiyo ni 167 kwa inchi. Ya ukutani inayoangaliwa na mtu anayesubiri ufunguo wa chumba 167 inapita, ila kama ulikuwa umeshaanza kukropu zaidi ya hapo, na kutokana na maelezo yako unakropu zaidi, inakatika. Kwa hiyo huyo mwenye lodge ndiye sababu yako ya kununua 1.4x, wale wa WhatsApp sio.

Akiruka, toa telekonveta. Sibembelezi. Bulwe ana mabawa makubwa, ukiwa na 560 kwa kropu akifungua mbawa karibu yako anakatika pande zote mbili, fokasi ni ya nusu mwendo, na unataka shata ya 1/1600 kwenda juu kwa f/8, asubuhi ISO itakwenda unakokujua. Piga 400 f/5.6 ukropu, hapo kropu_tu ndiye mshindi. Dalili za kuruka unaziona mapema, anaanza kuchuchumaa kidogo na kugeukia upepo, lakini muda wa kufungua lenzi kwenye mtumbwi huna, kwa hiyo amua kabla. Ukishampata picha za kutosha kasimama, toa, ukae tayari.

Tembo hivyohivyo. Murchison wanateremka mtoni karibu kabisa na boti na wewe na telekonveta mwanzo wako ni 140, kwa bodi yako ni kama 224, utapata jicho na sikio moja.

Lingine. Usimsukume mwenye mtumbwi apasue mafunjo akusogeze kwa sababu tu unataka ndege ajae fremu. Ndege anakwenda zake na kundi la nyuma yenu halimkuti, na nyuma yenu kuna mkate wa mtu mwingine.

kaka_jinja

Mimi ni wa upande wa Nikon, D500 na Sigma 150-600 Contemporary. Nimefuatilia hapa nikaona mnasema mwisho ni f/8. Yangu kwa 600 ni f/6.3, nikiweka 1.4x inakuwa f/9, si ndiyo? Nilitaka nipate 840 kwa ajili ya wale ndege keremkeremu wa kwenye kingo za mto Murchison.

afande_lenzi (Kasese)

Ndiyo, f/9, umeshavuka mstari. D500 imeandikwa f/8, na hata hapo inakupa nukta 15 tu na unazoweza kuchagua mwenyewe ni 9. Kwa f/9 kuna siku itashika na kuna siku itakuzungusha, inategemea mwanga na mnyama alivyo na mistari, mimi nisingeweka hela yangu kwenye kuna siku. Ukiwa na 600 kwenye kropu ya 1.5 tayari uko 900. Keremkeremu wanarudi kwenye tawi lilelile baada ya kukamata mdudu, kaa karibu na tawi usubiri, tena kama boti imetia nanga ndiyo kabisa. Wenzako wenye 200-500 ya Nikon ya f/5.6 ndio wanaoweza kuweka TC-14E III, telekonveta ya Nikon ya 1.4x, wakapata 700 ya f/8 na D500 ikakubali, ila nao wanalialia asubuhi na mapema.

mdogo_wa_gulu

Samahanini wakubwa naomba kuuliza la kitoto, mimi nina 55-250 ile ya kit, hizo telekonveta za Canon zinaingia? Nimeona pia za bei nafuu mtandaoni zinafungwa mbele ya lenzi, 2.2x, elfu themanini tu.

kropu_tu (Kampala)

Haiingii mdogo wangu. Telekonveta za Canon zina kioo kinachochomoza mbele, kinaingia ndani ya mgongo wa lenzi inayokubali. 55-250 haina hiyo nafasi, 70-300 za kawaida nazo hazina, ukilazimisha unagonganisha vioo viwili na hapo umeharibu vyote. Ipo orodha ya lenzi zinazokubali, ni ndefu kidogo lakini karibu zote ni zile nyeupe na wenzao wa bei hiyo.

Hizo za kufunga mbele kwa elfu themanini, kula nyama choma. Kingo zinatoka na rangi ya zambarau na katikati ni ukungu, kwa lenzi uliyonayo 250 kwenye kropu ni kama 400, nenda Murchison ng'ambo ya kaskazini, swala kob na twiga wanakuja mpaka barabarani.

vumbi_la_kaabong

Nimechelewa, mtandao huku unajua wenyewe. Niwaongezee ya nchi kavu maana mmeongea maji tu.

Kidepo wanyama wako mbali, bonde la Narus unaona kundi la nyati zaidi ya kilomita moja na huruhusiwi kutoka kwenye njia kumfuata, ndiyo hivyo hifadhi zote. Kila mgeni anayekuja na telekonveta siku ya kwanza anaiweka saa sita mchana anapiga simba aliyelala juu ya jiwe kule mbali, jioni anafungua kompyuta anakuta uji. Anaanza kulaumu telekonveta, anabadilisha mipangilio, anataka kuirudisha alikonunua. Ni joto la ardhi. Mtihani wake rahisi, ukiwa umekuza kwenye skrini ya kamera kwa live view mara kumi angalia kingo za jiwe, zikicheza weka kamera chini unywe chai. Hapo hata lenzi ya dola elfu kumi na mbili ingetoka hivyohivyo, na kusogea karibu ndiyo dawa pekee kwa sababu unapunguza hewa iliyo katikati.

Vumbi nalo. Bila telekonveta una mlango mmoja wa vumbi kuingia, na telekonveta una miwili. Mimi namfundisha kila kijana wangu hivi, gari lisimame, subiri vumbi lako mwenyewe likupite maana linakuja nyuma yako, vioo juu, feni ya gari zima, kamera zima, mdomo wa bodi uangalie chini, kifuniko cha nyuma cha lenzi kiwe tayari mkononi sio kwenye begi la kiti cha nyuma. Puliza kwa ile pampu ndogo ya mpira, sio kwa mdomo, mdomo unatema mate. Tena kama siku hiyo tunatafuta duma au simba wa mbali naifunga telekonveta kwenye lenzi tukiwa bado chumbani na haifunguliwi mpaka turudi.

Tripodi ndani ya gari ni usumbufu. Shona mfuko wa jinzi wa zamani, nenda sokoni jaza maharage kilo tatu, weka juu ya dirisha au kwenye paa la kufunguka, mashine ya gari izimwe, lenzi ilale juu yake na mkono wa kushoto uikandamize kwa juu. Kwa 560 hakuna kinachoishinda. Safari ikiisha maharage yanapikwa, mfuko unakunjwa.

mvuvi_wa_picha (Entebbe)

Hiyo ya maharage nimeipenda, mama yangu atashangaa.

Basi nimemwambia jamaa wa 2x kwamba siichukui, amekasirika kidogo. Kuna mwingine Kampala ana 1.4x toleo la tatu na amekubali tukutane niijaribu kwenye lenzi yangu kwanza. Nijaribu vipi ili nisidanganyike? Na la mwisho, nikipelekwa msitu wa Bwindi kwa gorila niende nayo? Na huko mbele nikija kupata bodi ya mirorlesi, zile zisizo na kioo cha ndani, itatumika au nitakuwa nimetupa hela?

afande_lenzi (Kasese)

Kujaribu. Kwanza fungua vifuniko vyote uangalie vioo kwa tochi ya simu, utafute ukungu wa ule wa nyuzinyuzi, hali ya hewa yetu ya ziwa unaijua, kifaa kikikaa kabatini unaota. Angalia pini za shaba kama zimechakaa. Halafu kwenye bodi lenzi ikiwa 400 inapaswa kusoma f/8 yenyewe, kama inasoma bado f/5.6 kuna mawasiliano hayapiti.

Kisha chukua kitu chenye maandishi, gazeti limebandikwa ukutani, kama mita ishirini thelathini hivi, asubuhi, kamera juu ya kitu imara, taima ya sekunde mbili. Piga bila telekonveta kwa 400, f/5.6 na f/8. Piga nayo kwa 560, f/8 na f/10. Fokasi tumia live view ili usichanganye ubovu wa kioo na fokasi iliyohama. Nyumbani kuza zile za 400 kwa asilimia 140 uziweke kando ya zile za 560. Kama herufi za 560 hazisomeki vizuri zaidi, kropu_tu ameshinda, mrudishie jamaa. Zikisomeka, nunua. Mimi ya kwangu f/8 iko sawa na f/9 iko sawa zaidi kidogo.

Baada ya hapo rudia kwa vyufainda. Ikitoka ya live view ni kali na ya vyufainda ni laini, usiitupe, kamera yako ina marekebisho madogo ya fokasi kwenye menyu na inahifadhi ya lenzi na telekonveta peke yake bila kugusa ya lenzi ikiwa tupu. Watu wengi wanauza telekonveta nzima kwa sababu hawakufungua hiyo menyu.

Bwindi iache Entebbe. Sheria ni mita 10 kutoka kwa gorila, flashi hairuhusiwi, una saa moja, na chini ya ile miti mwanga wa saa tano asubuhi ni kama wa magharibi. Na 100-400 yenyewe utaiona ina giza kwa hiyo f/5.6 yake, telekonveta ndiyo kabisa utapiga giza. Azima 70-200 ya f/2.8 kwa mtu. Chimpanzee wa Kibale akiwa juu kabisa ya mti na mbingu nyuma yake utaitamani, lakini hapo utapata kivuli cheusi tu.

nyabo_wa_buliisa

Afande kasahau faida moja ya bure. Telekonveta haibadilishi umbali wa karibu wa kufokasi. Lenzi yako inafokasi kuanzia sentimita 98 na ukuzaji wa 0.31, ukiweka 1.4x unabaki palepale kwenye sentimita 98 lakini ukuzaji unapanda karibu 0.43. Yaani vipepeo, vinyonga, kereng'ende wa pale Mabamba wakati mnamtafuta bulwe na hajaonekana. Wageni wakikosa bulwe ukawapa kereng'ende mwekundu ana macho yamejaa fremu, wanasahau kidogo. Ila hapo ndipo ile swichi ya mita 3 uirudishe full, usije ukadhani lenzi imekufa.

kropu_tu (Kampala)

Ya mirorlesi nijibu mimi. Hujatupa hela. Bodi za mirorlesi za Canon, R5 na R6, zinashika fokasi mpaka f/22, kwa hiyo kile kizuizi cha f/8 kinaondoka, hata hiyo 2x uliyoikataa ingefanya kazi, taratibu lakini ingefanya. Utanunua adapta ya EF kwenda R, ya kuunganisha lenzi za EF kama yako na bodi hizo mpya, na mpangilio unakuwa bodi, adapta, telekonveta, lenzi. Usije ukanunua telekonveta ya RF, ile ya bodi hizo mpya, ukidhani ni mpya basi ni bora, ya RF haikai kati ya adapta na lenzi ya EF, ni ya lenzi chache za RF tu, na hata kwenye zumu yao ya 100-500 ukiiweka huwezi kurudi chini ya 300, zumu inakwama hapo kwa sababu ya kile kioo kinachochomoza. Kwa hiyo kaa na EF yako.

mvuvi_wa_picha (Entebbe)

Sawa, bodi, adapta, telekonveta, lenzi, nimeandika. Jumamosi nakutana na jamaa, nabeba gazeti na tochi. Nikipata nitaweka hapa picha zote nne mziamue wenyewe, 400 na 560, sitaandika ipi ni ipi.

kropu_tu (Kampala)

Zitoe data ya ndani basi, afande atafungua faili kuangalia.